Kuzaliwa mara ya pili na kuamini, kipi kinatangulia? Maswali ninayoulizwa kila wiki kibandani

Mi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, na Alhamisi jioni tuna kikundi cha kujifunza Biblia, watu kumi na kitu hivi, Waanglikana, Walutheri, wapentekoste, na Mkatoliki mmoja anayekuja kimyakimya. Tangu tulipoingia Yohana sura ya 3 hatujatoka. Watu wananifuata mpaka kazini, mtu kaleta tairi lina pancha, hata salamu haijaisha ashaanza "fundi, hivi juzi ulisema kuzaliwa kwanza au kuamini kwanza?" Nimechoka kurudia ndo maana nimeyaandika. Chuo cha Biblia sijasoma, nasoma mwenyewe na kuuliza wachungaji, kwa hiyo ukiona nimekosea nikosoe, ila uje na mstari sio na sauti kubwa.

Swali lenyewe ni lipi hasa?

Ni hili. Mtu alikuwa haamini, sasa anaamini, na Biblia inasema mtu huyo amezaliwa upya. Je, alizaliwa upya ndo akaweza kuamini, au aliamini ndo akazaliwa upya?

Upande mmoja wanasema moyo uliokufa hauwezi kuamini kitu, lazima Mungu auhuishe kwanza, na imani ni kile kilio cha mtoto ambaye ameshatoka tumboni. Hawa wengi tunawaita Wakalvini, kwa jina la John Calvin, mwanamageuzi wa kanisa wa karne ya 16. Upande wa pili wanasema Mungu anamvuta mtu, anamwangazia, anamlainisha moyo, lakini uzima mpya wenyewe anaupokea pale anapoamini. Hawa huitwa Waarminiani, japo wapo wengi wanaoamini hivi na jina hilo hawajawahi kulisikia maishani. Halafu kuna Walutheri, Wakatoliki na Waanglikana wa kwetu ambao ukiwauliza swali hili wanakujibu "na ubatizo umeuweka wapi?" Hao nitawafikia.

Si vyote vinatokea papo hapo? Sasa tunagombania nini?

Hili ndo swali zuri kuliko yote na bahati nzuri jibu lake ninalo hapa kibandani. Pindua baiskeli, isimame kwa siti na usukani, matairi juu. Shika pedeli uzungushe. Tairi la nyuma linazunguka saa ileile, hamna hata nusu sekunde katikati, lakini hamna mtu atakayesema tairi ndo limezungusha pedeli. Sasa fanya kinyume, shika tairi la nyuma ulizungushe kwa mkono kwenda mbele, utaona pedeli imetulia zake kimya.

Wakalvini wengi wakisema "kunatangulia" wanaongelea kitu cha namna hiyo, yaani kipi kinasukuma kipi, sio kipi kilitokea saa nne na kipi saa tano. Wapo waliokwenda mbali zaidi, mfano Abraham Kuyper wa Uholanzi (1837–1920) alifundisha kwamba mbegu ya uzima mpya inaweza kulala ndani ya mtu miaka kabla imani haijachipua. Ila wengi hawafiki huko, na ukibishana na mtu hakikisha kwanza unabishana na anachosema yeye.

Wanaosema kuzaliwa kunatangulia wanasimama kwenye mistari gani?

Mingi. Waefeso 2 inasema tulikuwa wafu kwa sababu ya makosa yetu, na ni tukiwa katika hali hiyohiyo ya ufu ndo Mungu alituhuisha. Yohana 3:3, mtu asipozaliwa mara ya pili hawezi kuuona ufalme wa Mungu, sasa kama hata kuuona hawezi ataingiaje? Ezekieli 36:26, Mungu anasema yeye ndiye atakayeutoa moyo wa jiwe na kuwapa moyo wa nyama, jiwe halijitoi. Yohana 6:44, hakuna awezaye kuja kwangu asipovutwa na Baba. Halafu yule mama Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau kwenye Matendo 16, Bwana aliufungua moyo wake ndipo akayashika maneno ya Paulo.

Na kuna hoja moja ambayo sio mstari ila ina uzito, wanasema kuzaliwa ni jambo unalotendewa. Hakuna aliyejizaa. Hata Kiswahili hakikupi njia nyingine, unasema "nilizaliwa Muheza", huwezi kusema "nilijizaa Muheza" watu wakakuelewa.

Mbona 1 Yohana 5:1 inatajwa sana?

Kwa sababu inaonekana kama imemaliza kesi. "Kila mtu aaminiye kwamba Yesu ni Kristo amezaliwa na Mungu." Anaamini sasa, *amezaliwa* tayari. Kwenye Kigiriki nako kitenzi kipo kwenye hali ya kitu kilichokwisha kutendeka na matokeo yake bado yapo, na sisi tuna -me- inayofanya kazi karibu ileile, kwa hiyo kwa mara moja Mswahili anaona kwenye Biblia yake kitu ambacho wengine mpaka waelezwe.

Ila tulia kidogo. Chukua sentensi mbili. "Kila anayepanda boti amekata tiketi." Tiketi ilitangulia, sawa. "Kila anayeshika cheni hii amechafuka." Hapo je? Alichafuka *kwa sababu* ameshika, hakuja akiwa mchafu. Sarufi ni ileile, mpangilio umegeuka. Kwa hiyo -me- peke yake haitoshi kukuambia kipi kilisukuma kipi. Na Yohana mwenyewe ana sentensi ya hivyo, Yohana 3:18, asiyeamini "amekwisha kuhukumiwa, kwa sababu hakuliamini jina la Mwana pekee wa Mungu." Hapo hukumu imekuja kwa kutoamini.

Mkalvini mzuri atakurudishia hivi: soma barua yote. 1 Yohana 2:29, kila atendaye haki amezaliwa na yeye. 4:7, kila apendaye amezaliwa na Mungu. Kuna anayedhani mtu anatenda haki kwanza ndo azaliwe? Hakuna. Kutenda haki na kupenda ni matunda ya kuzaliwa, basi kwa nini 5:1 imani iwe mti badala ya tunda? Kwa kweli hapo naona wana pointi nzito. Kama ningekuwa hakimu ningewapa mstari huu, lakini ningewapa kwa muktadha wa barua, sio kwa -me-.

Na wanaosema imani inatangulia?

Nao hawakuja mikono mitupu. Yohana 1:12, "wote waliompokea aliwapa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu, ndio wale waliaminio jina lake", unapokea ndo unafanyika mtoto. (Mkalvini atakwambia usiishie hapo, soma na mstari wa 13, waliozaliwa si kwa mapenzi ya mtu bali kwa Mungu. Ndo tulipokaa Alhamisi tatu.) Yohana 20:31, mambo haya yameandikwa ili mwamini, na kwa kuamini muwe na uzima. Uzima umekuja nyuma ya kuamini, na ukiniuliza mimi uzima bila kuzaliwa sijui ni uzima gani. Wagalatia 3:2, mlipokea Roho kwa matendo ya sheria au kwa kusikia kunakotokana na imani? Na mlinzi wa gereza kule Filipi hakuambiwa subiri uhuishwe, aliambiwa mwamini Bwana Yesu nawe utaokoka.

Ila ule ninaouona mgumu kuliko yote kwa Wakalvini ni Wakolosai 2:12, wanaoutumia ni wachache sijui kwa nini. Unasema mlifufuliwa pamoja naye "kwa kuziamini nguvu za Mungu aliyemfufua katika wafu." Ufufuo kwa njia ya kuamini. Na mstari unaofuata ndo uleule wa "mlipokuwa mmekufa kwa sababu ya makosa yenu".

Maiti inaweza kuamini?

Kila mara lazima mtu aulize hili, kwa sauti ya ushindi. Lazaro alijifufua? Hapana. Yesu alimwita na ile sauti yenyewe ikabeba uhai ndani yake, na kwa Wakalvini hiyo ni picha tosha.

Lakini Biblia inatumia neno kufa kwa namna zaidi ya moja. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 baba yake alisema alikuwa amekufa naye amefufuka, na huyu "maiti" ndo alizingatia moyoni mwake kule kwenye nguruwe, akapanga na maneno ya kwenda kusema nyumbani. Halafu maiti ikiwa maiti kabisa haiamini ni kweli, lakini pia haikatai, haimpingi Roho, haiibi. Sisi tulifanya vyote hivyo tukiwa "wafu". Mfano una mpaka wake, ukiukunja sana unakatika.

Kuna mzee wetu mmoja anauza kahawa jirani na kibanda, Mwislamu, ametusikia tunabishana wiki nzima. Nikampa shikamoo asubuhi akaitikia marahaba mwanangu, halafu akaniuliza, "Kwani nyie, mtoto huulizwa kama anataka kuzaliwa?" Nikasema mzee nawe umekuwa Mkalvini. Akauliza Mkalvini ndo nani, nikaanza kueleza, alipoona maelezo marefu akanimiminia kikombe kingine, akanidai na hela ya jana.

Waefeso 2:8 inasema imani ni kipawa au neema ni kipawa?

"Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Hiyo "ambayo hiyo" inashika nini? Kwa Kiswahili huwezi kujua, neema hii, imani hii, ngeli ni moja. Kwa Kigiriki tatizo ni lingine, imani na neema yote ni maneno ya jinsia ya kike lakini hilo "hiyo" limewekwa kwenye jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, halikubaliani na lolote kati ya hayo mawili. Wengi wanaona linashika jambo zima, yaani huku kuokolewa kote kwa neema kwa njia ya imani ndo kipawa. Mi nakubaliana nao. Ukitaka mstari wa imani kupewa nenda Wafilipi 1:29, mmepewa si kumwamini tu ila na kuteswa kwa ajili yake, huo uko wazi zaidi (ingawa watu wakifika kwenye kuteswa wanafunga kitabu).

Mbona sisi tunasema "nimeokoka" na sio "nimeokolewa"?

Hapa napenda kukaa kidogo. Kwenye Biblia yetu ya Union, Waefeso 2:8 ni "mmeokolewa", Matendo 16:31 ni "utaokoka". Kigiriki pote pawili kitenzi ni cha kutendewa. Sisi tuna kauli mbili, kuokolewa inakukumbusha kuna aliyekuokoa, na kuokoka imekaa kama kuvunjika au kufunguka, jambo limetokea bila kumtaja aliyelifanya. Kikombe kimevunjika. Nani kakivunja? Kimevunjika tu.

Sasa mtaani lililoshika ni "umeokoka?" na ukisema "niliokoka mwaka fulani" inatoka kama vile "nilihamia Makorora mwaka fulani", jambo nililofanya mimi. Sisemi tuliache, ndo neno letu na wazee wa uamsho wametuachia, ila nimegundua ubishi wetu wa Alhamisi nusu yake umejificha humo. Mmoja akisikia "kuokoka" anasikia uamuzi, mwingine anasikia mtu aliyevutwa kutoka majini.

Na "mara ya pili" nayo vilevile. Neno la Kigiriki la Yohana 3:3 lina maana mbili, "tena" na "kutoka juu". Sura hiyohiyo mstari wa 31 neno lilelile limetafsiriwa "kutoka juu". Nikodemo, yule mzee aliyekuwa anaongea na Yesu usiku ule, alisikia "tena" ndo akaanza kuulizia tumbo la mama yake.

Haya mabishano yalianzia wapi? Si wazungu tu hawa?

Yalianzia Afrika. Agostino alikuwa askofu wa Hippo, leo ni mji wa Annaba, Algeria, alifariki mwaka 430. Alibishana na Pelagio aliyefundisha kwamba mtu anaweza kutii kwa uwezo aliozaliwa nao. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, Tunisia ya leo, wakayakataa mafundisho ya Pelagio. Na Agostino mwenyewe mwanzoni alidhani kuamini ni sehemu yetu na Mungu anafanya yanayofuata, akaja kubadilika kwenye miaka ya 390, na mstari uliomgeuza ni 1 Wakorintho 4:7, una nini usichokipokea? Mwaka 529 mtaguso wa Orange kule Ufaransa ukaamua kwamba hata mwanzo wa imani ni kazi ya neema.

Miaka elfu moja baadaye, Uholanzi, wafuasi wa Arminius (yeye alishafariki 1609) wakatoa hoja tano mwaka 1610, na sinodi ya Dordrecht ya 1618–1619 ikawajibu kwamba wale ambao Mungu anafanya kazi hii mioyoni mwao wanazaliwa upya kwa hakika, na wanaamini kweli. Lakini tafadhali usimwite Mwarminiani Mpelagio. Wale nao waliandika kwamba bila neema kutangulia mtu hawezi kuwaza wala kutaka jema lolote. Walichokataa ni kwamba neema hiyo haipingiki. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliwafuata kwenye hilo karne moja baadaye.

Kwa hiyo Calvin ndo alianzisha "kuzaliwa kabla ya imani"?

Hapa wengi wanashangaa. Calvin alifundisha kwamba imani yenyewe ni kazi ya Roho Mtakatifu, hilo halina ubishi. Lakini neno "kuzaliwa upya" alilitumia kwa mapana, kwa maana ya toba na kugeuzwa kwa maisha yote, na kwenye kitabu chake kikubwa sehemu ya tatu ameliweka kama tunda la imani. Hata Ungamo la Ubelgiji la 1561, ambalo ni la Wakalvini wenyewe, kifungu cha 24 linasema imani ya kweli inamzaa mtu upya. Neno lilikuja kubanwa baadaye likawa na maana ya ile cheche ya kwanza tu, na ukilibana hivyo ndo linapanda kukaa mbele ya imani.

Nilipoligundua hili nilikaa kimya wiki nzima. Tulikuwa tunatupiana neno moja lenye maana mbili.

Nimebatizwa mtoto mchanga. Mimi nimezaliwa lini?

Inategemea unamuuliza nani, na Tanga hapa utapata majibu yote bila kupanda gari.

Mkatoliki atakuambia kwenye maji ya ubatizo, Tito 3:5, kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili. Mwanglikana wa huku kwetu atakuambia karibu hivyohivyo, maana injili ya Muheza na Magila ililetwa na wamisionari wa UMCA, shirika la Waanglikana wa Uingereza, na hao walikuwa na mwelekeo wa Kikatoliki. Ndani ya Uanglikana kwenyewe hawajawahi kukubaliana, Uingereza mwaka 1850 kesi ya padri Gorham aliyekataa kwamba kila mtoto anayebatizwa anazaliwa upya palepale ilifika mpaka kwenye baraza la Malkia, na akashinda.

Mlutheri ndo ananifurahisha. Waliopita kipaimara wanakumbuka Katekisimo Ndogo ya 1529, naamini kwamba siwezi kwa akili yangu wala nguvu zangu kumwamini Yesu, bali Roho Mtakatifu ameniita kwa Injili. Hapo utadhani Mkalvini. Halafu anasema mtoto anazaliwa upya kwenye ubatizo, na Mungu anaweza kumpa mtoto imani. Halafu anasema neema inaweza kukataliwa na mtu akaanguka. Ukimuuliza unaunganishaje anakwambia Neno limesema yote matatu.

Nikiongozwa sala ya toba si ndo nimezaliwa?

Hili linaniuma, nitasema langu. Nilikuwa na miaka 19, mkutano wa injili uwanjani, spika zinalia mpaka kifua kinatetemeka, nikanyoosha mkono. Nikaongozwa sala, sentensi kwa sentensi, nikajaziwa kadi, mtu akaniambia "hongera umezaliwa mara ya pili leo tarehe hii, andika kwenye Biblia yako." Biblia sikuwa nayo. Ikatangazwa waliokata shauri ni wangapi, nami nimo. Wiki mbili baadaye nilikuwa vilevile, tena mbaya zaidi, maana sasa nilijua nimezaliwa na sioni kitu.

Hamna Mkalvini wala Mwarminiani aliyefundisha kwamba maneno ukiyafuatisha yanazaa mtu. Waarminiani wanasema *imani*, na imani sio kurudia sentensi ya mtu mwingine huku unawaza daladala ya mwisho. Hilo ndo kosa letu la mtaani na halina baba katika pande hizi mbili. Sala ya toba yenyewe sio mbaya, wapo waliosali wakimaanisha kila neno.

Kama kuzaliwa kunatangulia, si nikae nisubiri?

Swali hili ndo lililonifanya niandike. Kuna kijana alikuja kikundini kwetu miezi mitatu, msikivu, anaandika kila kitu kwenye daftari la kaunta. Akaacha kuja. Nikamkuta Sahare anauza mihogo ya kukaanga, nikamuuliza vipi mbona kimya mdogo wangu? Akasema, "Kaka, nimeelewa kwamba lazima nizaliwe ndo niamini. Sasa sijaona dalili. Nasubiri." Alikuwa anageuza mihogo kwa kijiko kirefu, hakuniangalia. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayesubiri meli.

Sikulala vizuri. Mimi ndo nilikuwa nimefundisha Alhamisi ile.

Nilichotakiwa kumwambia ni hiki, na nilirudi kumwambia siku ya pili: Yesu hakusema "jichunguzeni mkiona dalili njooni." Alisema njoni kwangu. Amri ya kuamini haina sharti la kuhakiki kwanza kilichomo ndani yako. Hata Spurgeon, mhubiri wa London aliyekuwa Mkalvini wa kweli, mwaka 1863 alihubiri kwa ukali kuhusu jambo hili, kwamba ukimhubiria Kristo mtu aliyekwisha kuzaliwa upya tu basi unamhubiria aliyekwisha kuokolewa, kazi bure. Ruhusa ya kumwendea Yesu ipo kwenye neno lake sio kwenye moyo wako. Mpangilio wa kipi kinasukuma kipi ni habari ya nyuma ya pazia, ya kumshukuru Mungu nayo *baada* ya kuja. Ukiigeuza kuwa ngazi ya kupanda umeivunja.

Akaniuliza, "Kwa hiyo nije tu hivihivi?" Nikasema hivihivi. Akanifungia mihogo ya mia tano, pilipili nyingi.

Na kama Mungu ndo anaanza, tuhubiri wa nini?

1 Petro 1:23, mmezaliwa mara ya pili kwa neno la Mungu. Neno ndo mbegu, huwezi kuvuna mhogo usiopanda kikonyo. Warumi 10:14 nayo, wamwaminije wasiyemsikia? Pande zote mbili wamepeleka wamisionari, hili lisikuchukulie muda.

Upepo wa Yohana 3:8 unasaidia upande gani?

"Upepo huvuma upendako." Kigiriki upepo na roho ni neno moja, kwa hiyo Yesu anacheza na neno. Sisi wa mji unaoitwa Tanga tusipoelewa huu mstari nani ataelewa. Nenda Deep Sea alfajiri uwatazame wavuvi. Wanajua kusi na kaskazi miezi yake, wanajua kwa harufu, lakini hakuna aliyewahi kuuita upepo ukaja. Siku ukitulia wanakaa na kupiga kasia mpaka mikono inachubuka. Ukivuma wanatweka tanga, ngalawa inaondoka.

Mwarminiani anasema umeona, upepo ni wa Mungu, kutweka ni kwetu. Mkalvini anajibu hapana, moyo wangu haukuwa na tanga, ulikuwa gogo limezama matopeni, upepo uliolifanya gogo kuwa chombo ndo ninaouongelea. Na mimi nasoma tena mstari naona Yesu hakutaja chombo kabisa. Alitaja sauti tu, *waisikia*, na kwamba hujui unakotoka wala unakokwenda.

Sikumbuki tarehe niliyozaliwa upya. Ni tatizo?

Sio tatizo. Bibi yangu mzaa mama hakujua hata tarehe aliyozaliwa na mama yake, alijua tu ni mwaka wa njaa, na akaishi mpaka akatuzika wawili watatu. Hakuna aliyemwambia hajazaliwa kwa kukosa cheti. Angalia kama unapumua.

Watoto wanaofariki kabla hawajaweza kuamini?

Wakalvini wanasema Roho anaweza kumzaa mtoto upya bila kusikia neno, Ungamo la Westminster la miaka ya 1640 lina kifungu juu ya watoto wateule. Wengine wanasema kazi ya Kristo inawafunika. Ukiwa msibani usilijibu swali hili kwa vifungu, kaa na mama, shika ndoo ya maji, saidia jikoni.

Wewe uko upande gani?

Kwamba Mungu anaanza, niko na Agostino miguu yote miwili. Sioni ndani yangu kitu kilichomtafuta Mungu kabla hajanitafuta, na nilijitafuta sana. Lakini kuuita mwanzo huo "kuzaliwa", halafu kuamini kuje nyuma yake, mistari kama Wakolosai 2:12 na Yohana 20:31 inanizuia, kila nikiisukuma inarudi. Nauita kuvutwa, kama Yohana 6:44 ilivyouita. Jamaa yangu mmoja Mkalvini anasema huko ni kukaa katikati ya barabara na nitagongwa na magari ya pande zote. Inawezekana. Mi ni mtu wa baiskeli, nimezoea kupita pembeni.

Kikundi chetu kinataka kugawanyika kwa ajili ya hili. Tufanyeje?

Wesley na George Whitefield, mhubiri mwenzake aliyekuwa Mkalvini, walikuwa marafiki tangu chuoni Oxford, wakagombana kuhusu neema hadharani kuanzia mwaka 1739, barua za kuchapishwa, makundi yakatengana. Baadaye wakapatana kama marafiki ingawa hakuna aliyebadili msimamo wake. Whitefield alipofariki Marekani mwaka 1770, aliyehubiri ibada ya kumkumbuka kule London ni Wesley, kwa ombi la Whitefield mwenyewe. Mkitaka kugawanyika subirini kwanza mjue nani kati yenu atamhubiria mwenzake.

Naweza kuja kuuliza zaidi?

Njoo, ila baada ya saa kumi jioni, asubuhi nina matairi. Uje na Biblia yako. Ya kwangu kurasa za Waefeso zimeshikana na grisi, sura ya 2 haifunguki vizuri.